Mesej Imechelewa? Soma Hii Kabla ya Kutuma Tena

Uko Marikiti, mjini Machakos. Umenunua nyanya na sukuma, umelipa kwa simu, lakini mesej haiji, si kwako wala kwa mama mboga. Wateja wengine wanangoja nyuma yako. Unataka kutuma tena. Ngoja kwanza.

Pesa yako haisafiri kama mzigo kwenye matatu. Kinachobadilika ni rekodi: salio lako linapungua, la mama mboga linaongezeka. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na rekodi zake zilikuwa kwenye seva za Ujerumani kabla ya kuhamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo miaka hiyo yote, ukimtumia jirani yako hapa Machakos, muamala uliandikwa Ulaya!

Rekodi hizi hukaa kwenye hifadhidata, na haziachiwi seva moja. Kuna seva kuu inayoandika muamala, na zingine zinazonakili, ili moja ikizima nyingine ishike kazi.

Sasa seva zikiwa nyingi, nani atajua ipi ina shida? Hapo ndipo zinapopangwa kwa makundi, yaani klasta. Fikiria Nyumba Kumi, mpango ulioanza nchini mwaka 2013. Chifu hawezi kubisha kila mlango. Lakini nyumba zikiwa kwa makundi, kila kundi na mwakilishi wake, habari humfikia mapema. Kwa seva ni hivyo hivyo. Kwa mfano, za salio zinaweza kuwa na kundi lao, za historia ya miamala lao, za maajenti lao. Kila seva hutuma ripoti: imelemewa kiasi gani, inajibu kwa kasi gani, nakala yake iko nyuma kwa sekunde ngapi. Ripoti zote huonekana mahali pamoja, usiku na mchana.

Faida kubwa ni kulinganisha. Seva moja ikizubaa na wenzake wako sawa, shida ni yake: inatolewa kazini, inarekebishwa, na huenda hata usijue. Kundi zima likizubaa, chanzo kinatafutwa kwingine: umeme, mtandao, au miamala mingi ya mwisho wa mwezi. Bila makundi, fundi angepata kengele mia moja asijue aanzie wapi.

Hata hivyo, kuchelewa kunaweza kutokea. Muamala huandikwa kwanza, mesej hutumwa baadaye, kwa hivyo malipo yanaweza kuwa yamepita kabla hujapata mesej. Ikitokea:

- Usitume tena haraka. Angalia salio na historia ya miamala. Nakala ikiwa nyuma kidogo, unaweza kuona salio la zamani, kwa hivyo subiri dakika chache uangalie tena.
- Kama wewe ndiye muuzaji, usiamini mesej iliyo kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe.
- Bado haieleweki? Piga simu huduma kwa wateja ukiwa na kiasi, saa na namba uliyotumia.
- Mtu akikupigia akisema anarekebisha mitambo na anataka PIN yako, kata simu. Kurekebisha seva hakuhitaji PIN ya mteja, hata siku moja.

Dakika chache za kungoja ni afadhali kuliko kulipia nyanya mara mbili, halafu kuanza kuomba pesa irudishwe.