Fahamu: Chanzo cha mlipuko wa ugonjwa husakwaje?

Machi 2023, ugonjwa usiojulikana uliua watu wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Wagonjwa walipata homa, wakatapika na kutokwa damu. Machi 21, baada ya vipimo vya maabara, Tanzania ilitangaza kuwa ni Marburg, kwa mara ya kwanza nchini.

Uchunguzi huanzia wapi?
Kwanza sampuli hupimwa ili kirusi kijulikane. Kisha wachunguzi huuliza: nani aliugua kwanza? Alikuwa wapi, alimuuguza nani, alihudhuria msiba gani? Majibu huonyesha njia ambayo ugonjwa umepita.

Marburg huambukizwaje?
Kirusi hiki hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Kikimfikia binadamu, huenea kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu. Ndiyo maana wanaouguza, wahudumu wa afya na wanaoosha maiti huwa hatarini zaidi.

Kwa nini watu hufuatiliwa kwa siku 21?
Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi. Kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa muda huo.

Mlipuko huisha lini?
Siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya. Wa Kagera ulitangazwa kuisha Juni 2, 2023, ukiwa umewapata watu 9 na kuua 6.

Ukiulizwa ulikutana na nani, sema kweli. Jibu lako laweza kumwokoa jirani.