Gitaa la mpingo mtupu halitalia

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Chole, kule ndani ya Kisarawe, kwa seremala kijana anayejua kushika randa. Amepata gogo la mpingo kwa kibali, limekaa kivulini miaka kadhaa, jeusi hadi moyoni, na anataka alitoe gitaa zima: kifuniko cha mbele, mgongo, kuta za pembeni, shingo, kila kitu. Anauliza apasue unene gani. Kabla yake aliuliza mwingine wa Maneromango, na kabla ya huyo mwalimu wa kwaya wa Kibaha. Wote wanaanzia mahali pamoja: mpingo ndio mti wa muziki, wageni wanaununua kwa bei ya juu watengeneze klarineti, basi gitaa la mpingo mtupu litayashinda magitaa yote.

Halitashinda hata gitaa la dukani la mbao za gundi. Litakuwa zito begani, litakuwa limekula mti uliohitaji miaka 70 hadi 100 kukomaa, na ukilipiga uwanjani aliyekaa hatua kumi mbele yako hatakusikia. Nimelijibu hili mdomoni mara nyingi mno. Sasa naliandika, na kwa kirefu, kwa sababu kila mwaka nazidi kuona mbao nzuri zikipasuliwa kwa imani isiyo na mguu wa kusimamia.

Tuichukue hiyo klarineti inayotajwa kila mara kama ushahidi. Ndani ya klarineti kinachotoa sauti ni hewa. Mpigaji anapuliza, kipande chembamba cha tete mdomoni kinatetema, na hewa iliyomo ndani ya bomba inatetema pamoja nacho. Zumari la pwani linafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mti unaoizunguka hewa hiyo unatakiwa utulie. Uwe mzito usitikisike, uwe laini ndani hewa isikwame, usinyonye mate, na ushike vyuma vya vitufe bila kulegea. Mpingo unafanya yote haya kuliko mti mwingine wowote ninaoujua. Kwa maneno mengine, watengenezaji wa klarineti wanaupenda kwa sababu haucheki wala hauchezi. Ninyi mnaichukua sifa hiyo mnaipeleka kwenye chombo ambacho kisipocheza kimekufa.

Uzi wa gitaa peke yake hausikiki. Ufunge kati ya misumari miwili ukutani, uupige, utasikia kitu kidogo sana. Sauti inapatikana pale uzi unapovuta daraja, kile kibao kidogo kilichogundishwa chini ya tundu, na daraja likautikisa ubao wote wa mbele. Ubao huo ndio unaosukuma hewa. Nguvu inayotoka kwenye kidole chako ni ndogo, na haiongezeki njiani, kwa hiyo ubao lazima uwe mwepesi kiasi cha kutikiswa na nguvu hiyo ndogo, na wakati huo huo uwe mgumu kiasi cha kubeba mvuto wa nyuzi. Nyuzi sita za chuma za unene mwepesi zinavuta kwa uzito unaozidi kilo 70 usiku na mchana. Za nailoni zinavuta kama kilo 40. Wepesi na ugumu kwa pamoja: hapo ndipo mafundi wa dunia nzima wanapohangaika, na hapo ndipo mpingo unapoanguka.

Hesabu si ngumu. Mpingo mkavu una kilo 1,200 na zaidi kwa kila mita ya ujazo, ndiyo maana ukiutia majini unazama. Sprusi, mti wa nchi za baridi unaotumika kwa vifuniko vya magitaa mengi mazuri, una kama kilo 400 hadi 450. Kwa hiyo mpingo unamzidi mwenzake uzito karibu mara tatu. Je, unauzidi ugumu wa kutopinda mara tatu? Hapana, haufiki hata mara mbili. Tena ugumu wa ubao unategemea mno unene wake: ukiongeza unene mara mbili, ubao unakuwa mgumu mara nane. Mti mwepesi unaweza kuuacha mnene kidogo ukapata ugumu bila kulipa uzito. Kifuniko cha sprusi cha milimita 2.8 kwa gitaa la kawaida kina kama gramu 160 kabla ya kugundishwa mbavu za ndani. Cha mpingo chenye ugumu ule ule kingekuwa na milimita 2.4 hivi, na kingezidi gramu 400. Vidole ni vile vile, nyuzi ni zile zile, na mzigo umekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Nani Uzaramoni anawamba ngoma kwa ngozi nene, isiyokunwa, kama ilivyotoka mgongoni kwa ng'ombe?

Hapo huwa napata jibu la pili: basi, fundi, kifuniko kiwe cha mti mwepesi, lakini mgongo na kuta viwe vya mpingo, maana huko ndiko sauti inakojengwa. Hili nalo lina umri mrefu, na lilikanushwa kwa vitendo zamani. Mwaka 1862 Mhispania Antonio de Torres, ambaye gitaa la klasiki la leo limefuata umbo lake, alitengeneza gitaa lenye kifuniko cha sprusi, na mgongo na kuta zake akazifinyanga kwa karatasi na gundi. Karatasi! Gitaa hilo lipo hadi leo katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Alitaka watu waone kwamba kazi inafanywa na ubao wa mbele na mbavu zilizo chini yake. Mwaka 1995 kampuni ya Taylor ya Marekani ilitengeneza gitaa ambalo mgongo na kuta zake zilitokana na paleti ya kubebea mizigo iliyokuwa imetupwa, na matundu ya misumari yakaachwa yaonekane.

Kama mnataka kipimo cha maabara, kipo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyojengwa kwa umbo moja na fundi mmoja, Roger Bucknall, yakitofautiana tu mbao za mgongo na kuta. Miongoni mwa mbao hizo kulikuwa na mbao ya Brazili, ya mti ndugu wa mpingo, ambayo bei yake ni ya kushangaza, na sapele ya Afrika ambayo ni ya bei ya kawaida. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuweza kuona ni lipi. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na mbao ghali haikujitokeza juu ya nyingine. Watu wale wale wakiona mbao kwa macho wangeapa kwamba wanasikia tofauti.

Sisemi mgongo wa mpingo ni mbaya. Kibao cha mpingo ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia muda mrefu, na ipo kila sababu ya fundi kukipenda. Nasema huwezi kukipata. Mgongo wa gitaa unataka vipande viwili ndugu, kila kimoja upana wa sentimita 20 na urefu wa nusu mita, bila ufa. Mpingo wa msituni umepinda, una mapango moyoni, na ukipasuliwa sehemu kubwa inaishia kuwa vipande vifupi. Ukibahatika ukapata upana huo, bado utazikunja kuta za milimita 2 kwenye bomba la moto, na mpingo kwenye kona ya kiuno cha gitaa huvunjika bila kutoa onyo. Misitu ya Kisarawe imeshalisha matanuri ya mkaa wa Dar es Salaam kwa miaka mingi mno. Mpingo uliosalia haustahili kujaribiwa na mtu anayejenga gitaa lake la kwanza.

Mahali pake kwenye gitaa ni padogo na pa heshima. Wazaramo wamechonga sanamu za mwana hiti kwa mpingo, na sifa za mti zinaonekana humo: unashika ukingo mwembamba, haubunguliwi kirahisi, unang'aa kwa kusuguliwa tu. Hizo ndizo sifa unazozitaka chini ya vidole, kwenye ubao wa juu ya shingo ambako freti zinagongelewa na nyuzi zinasugua kila siku, na kwenye daraja. Vipande vya urefu wa sentimita 50, upana wa 7, unene wa milimita 8. Gogo moja la wastani lisilo na ufa linatoa vibao vya magitaa mengi, na vipande vifupi vinavyobaki vinakuwa madaraja. Kijana wa Chole ana mali kubwa mkononi, alimradi asiitumbukize yote kwenye gitaa moja bubu.

Dawa za mitaani nazo tuzimalize. Kuchemsha mbao kwa maji ya chumvi hakuzikaushi, kunazitia chumvi inayovuta unyevu wa hewa na kula freti kwa kutu. Oil chafu ya gari ni ya nguzo za uzio. Ubao uliopakwa oil hiyo hautashika gundi tena. Kuliweka gitaa mbele ya spika ya redio usiku kucha ili sauti "ifunguke" ni kupoteza umeme. Gitaa lililojengwa zito litabaki zito.

Sasa cha kufanya, haraka haraka. Kifuniko: ukipata mtu wa kukuletea sprusi au mwerezi kutoka nje, vizuri. Usipopata, nenda kwa wauza mbao utafute saipresi ya milimani, ya Lushoto au Kilimanjaro, iliyokua polepole, mistari yake imebanana na inasimama wima ukitazama kichwa cha ubao, bila fundo. Wahispania wamejenga migongo ya magitaa ya flamenko kwa saipresi ya kwao kwa vizazi, na ya kwetu ukiichagua vizuri inafaa hata mbele. Mgongo, kuta na shingo: mninga. Mninga hautembei, yaani unyevu ukipanda na kushuka unabadilika kidogo kuliko mbao nyingi, na unakunjika kwa moto bila ugomvi. Vaa kitambaa puani, vumbi lake linachoma. Mkangazi unafaa shingo pia.

Unyevu ndio adui wako wa kweli, na ajabu hakuna anayeniuliza habari zake. Mbao ikikaa pwani, hata miaka kumi, inabaki na unyevu wa asilimia 14 au zaidi, kwa sababu hewa yenyewe ni mbichi. Ukigundisha kifuniko katika hali hiyo, kisha mnunuzi akaenda nacho Dodoma kiangazi, ubao wa upana wa sentimita 38 unataka kusinyaa milimita 2 hadi 3 huku mbavu zilizogundishwa ndani zinaukataza. Utapasuka katikati, na watu watasema fundi amerogwa. Tengeneza sanduku la plaiwudi, weka balbu ya wati 60 ndani na kipimo cha unyevu wa hewa, vipande vikae humo kwa wiki kadhaa, kipimo kisome kama asilimia 45, na ugundishe siku ile ile unayovitoa. Mpingo una mafuta yake ya asili, kwa hiyo ufute kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ila ichague inayokauka ngumu; ile inayobaki kama mpira italiachia daraja siku gitaa litakapoachwa ndani ya gari juani.

Freti usinakili kutoka gitaa la jirani, kwa sababu urefu wa uzi wake si lazima uwe wako. Chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817, hiyo ni freti ya kwanza. Kwa uzi wa milimita 650 ni 36.5. Kinachobaki kigawanye tena kwa namba hiyo hiyo, endelea. Ya 12 lazima iangukie 325. Daraja lisogeze nyuma milimita 2 au 3, kwa sababu uzi ukikandamizwa unavutika na sauti inapanda.

Karatasi: kibali cha kuvuna, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama ni kipande kimoja kwenye bodaboda. Mpingo uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES tangu mwanzoni mwa 2017, na tangu 2023 wamo mninga, mkongo na mkangazi. Chombo cha muziki kilichokamilika chenye mpingo kilisamehewa mwishoni mwa 2019, mbao ghafi hazikusamehewa. Mtalii akitaka kubeba vibao, mwambie ukweli huo kabla hajakamatwa uwanja wa ndege.

La mwisho ni fundi wa kukaa naye. Nchi iliyomlea Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz ina wapigaji wa kila kizazi, lakini wanaojenga magitaa ni wa kuhesabu, na Kinshasa mtu kama Socklo amekuwa akiyajenga kwa mkono kwa miongo bila kusubiri mbao za kifahari. Tafuta mtu wa namna hiyo, au anayekarabati udi Unguja, maana kukunja ubao mwembamba kwa moto na kusikiliza mlio wake ni ujuzi ule ule. Namba za unene nilizozitoa ni za kuanzia tu. Kila ubao una ugumu wake, na kujua lini randa isimame kunatoka kwenye kuugonga, kuupinda kidogo kwa viganja, kuupunguza, kuugonga tena, huku mtu aliyeshajenga mengi akisikiliza na wewe. Ukija kwangu, njoo na kifuniko chako kikiwa bado na milimita 4, na mbavu zikiwa ndefu na nene. Aliyekichonga hadi milimita 2 nyumbani ili kuokoa muda, nitamtuma akatafute ubao mwingine.