Mbona Mkutanoni Tunakubali na Nyumbani Hatufanyi?

Hebu niwaulize: kuna mtu katika kikundi chenu asiyejua kwamba maji ya mto yafaa kuchemshwa kabla ya kunywa? Najua hakuna.

Mimi nilifundisha somo hilo kwa kikundi kimoja cha akina mama mara tatu. Mara ya tatu nikauliza, "Ni nani anaona kuchemsha maji ni jambo zuri?" Mikono yote juu, na makofi. Nikaenda zangu nikiwa nimefurahi. Baada ya wiki mbili nikazunguka nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa ametoka dispensari juzi kwa kuharisha, akanichotea maji kwenye debe. "Mwalimu, karibu maji." Niliona wazi hayajachemshwa. Nikanywa! Niliona haya kukataa mbele ya wazee. Kumbe hata mwalimu mwenyewe anasema hivi na kufanya vile.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Profesa mmoja wa Marekani, Richard LaPiere, alisafiri nchini mwake pamoja na kijana Mchina na mkewe, wakati ambapo Wachina walidharauliwa sana kule. Waliingia katika mahoteli na mikahawa 251, wakafukuzwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia barua wenye mahali hapo kuuliza kama wangepokea Wachina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya tisa kwa kila kumi walisema hawawezi. Hayo aliyaandika mwaka 1934. Barua haina uso, lakini mgeni aliyesimama mlangoni na mizigo yake ni mtu. Kwa hivyo mtazamo wa mtu ni kitu kimoja, na lile atakalofanya hutegemea pia nani yuko mbele yake, watu watasema nini, na kama uwezo upo.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Kurt Lewin. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyama ilipungua Marekani, na akina mama wakaombwa wapike moyo, figo na vitu vya ndani. (Huku kwetu matumbo tunagombania, lakini wao waliona ni chakula duni.) Vikundi vitatu vilihubiriwa vizuri na mtaalamu, faida zote zikatajwa. Vikundi vingine vitatu viliketi vikajadiliana: mzee wa nyumba atakataa, harufu ya kupika ni mbaya, tufanyeje? Mwishoni kila mama akaulizwa kama atajaribu wiki hiyo, akainua mkono mbele ya wenzake. Waliohubiriwa, ni 3 tu kwa kila 100 waliopika. Waliojadiliana, 32. Si wote, angalieni, lakini tofauti ni kubwa.

Mtu akishasema mbele ya wenzake "nitafanya", asipofanya roho inamsumbua. Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba hatupendi maneno na matendo yetu yapingane. Basi mtu ama hubadili tendo, ama hutafuta kisingizio. Visingizio mnavijua: "Babu alikunywa maji ya mto na akazeeka." Ndio maana ni vizuri kutoa vizuizi njiani mapema, kabla kisingizio hakijaota mizizi.

Nikarudi kwa kile kikundi. Safari hii sikufundisha. Nikauliza, "Ni nini kinatuzuia?" Lo, walisema! Kuni ni ghali. Sufuria ni moja na ndiyo ya ugali. Maji yananuka moshi. Wengine walidhani ni lazima yachemke nusu saa nzima. Hapana: yakishatokota kabisa, dakika moja inatosha, na kwa walio juu sana milimani, dakika tatu. Mama mmoja akasema yeye huteleka maji jioni kwenye moto uliobaki baada ya ugali, akiyafunika asubuhi yamepoa na moshi hauingii. Wengine wakachagua dawa ya klorini ya dukani kwa sababu haitaki kuni. Halafu kila mmoja akasimama akataja siku atakayoanza, na jirani atakayekuja kumwangalia.

Nilipozunguka tena, wengi walikuwa wameanza. Yule mama wa debe sasa ana mtungi wenye kifuniko. Akanipa kikombe akicheka: "Kunywa, Mwalimu, leo usiogope."

Waliobaki nyuma hawakuwa wakaidi. Hawana sufuria ya pili, basi. Kikundi kimekubaliana mchango wa mzunguko wa mwezi huu uanzie kwao, na sufuria zitanunuliwa siku ya soko.