Moto wa Juni si moto wa Oktoba

Barabara ya kutoka Mpanda kwenda Kibaoni inakata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na msafiri anayeipita mwezi Septemba hufunga vioo vya gari kwa sababu mbili: mbung'o na moshi. Upande mmoja nyasi bado zimesimama, kavu, rangi ya shaba. Upande wa pili ardhi ni nyeusi tii, lakini ndege wamejaa huko kuliko kwenye nyasi. Mgeni akiona hivyo anaweza kudhani moto ni rafiki wa ndege. Ni kweli, kwa wiki chache, na kwa baadhi ya ndege tu.

Katavi ina ukubwa wa kilometa za mraba 4,471. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1974, na ndege waliorekodiwa humo wanazidi spishi 400. Sehemu kubwa yake ni miombo, misitu ya mitundu na jamaa zake inayotanda kutoka Tabora na Katavi hadi Zambia na Angola. Msitu huu na moto wamezoeana kwa maelfu ya miaka. Gome la mninga ni nene kiasi cha kuhimili nyasi zikiwaka, na mche wake hufa juu mwaka baada ya mwaka huku mzizi ukinenepa ardhini, mpaka upate nguvu ya kurefuka kupita kimo cha ndimi za moto.

Jambo la kuuliza ni nani kawasha, na lini. Radi huja na mvua. Katikati ya kiangazi hakuna radi, kwa hiyo moto wa miezi hiyo una mwenyewe. Mrina asali ameacha mwenge, mfugaji anataka majani mabichi, mkulima anasafisha shamba, jangili anataka kuona mbali. Wengi wao hawakukusudia kuunguza msitu. Moto uliwatoka mikononi.

Nyasi zikianza kuwaka, mramba na keremkerem huwahi mbele ya moto kudaka panzi wanaokimbia joto. Mwewe huzunguka juu ya moshi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ushuhuda wa watu wa kaskazini mwa Australia kwamba mwewe wa huko hubeba vijiti vinavyowaka na kuvidondosha penye nyasi kavu ili kuyafukuza mawindo. (Wa Katavi bado hawajashtakiwa kwa kosa hilo.) Majivu yakipoa huja kongoti, na huja mumbi, yule hondohondo mkubwa mweusi atembeaye chini kwa makundi. Udongo hupitisha joto polepole, hivyo sentimita chache tu chini ya moto mijusi, panya na wadudu husalimika. Wakitoka hawakuti jani la kuwaficha.

Kuna pia kipasuasanda wa miombo, ambaye dume lake huota manyoya marefu kama vipeperushi kwenye mbawa msimu wa kuzaliana ukifika. Jike hutaga mayai mawili chini bila kiota, mara nyingi mahali palipoungua, kwa sababu rangi yake hupotea kati ya majivu na majani makavu. Moto ukipita mapema anapata uwanja wa kutagia. Ukipita Oktoba unamkuta amelalia.

Tofauti hiyo ya tarehe ilipimwa kwa miaka mingi Ndola, Zambia, katika viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1933. Kiwanja kilichochomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi kilibaki na miti yake. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kiligeuka kuwa nyasi na vichaka. Sababu haina siri: mwezi Juni nyasi zina unyevu bado, usiku ni baridi, na umande huuzima moto kabla haujafika mbali, ukiacha viraka vya kijani huku na huko. Oktoba kila kitu ni kuni, upepo unavuma, na ndimi hufika matawini.

Bahati mbaya, mwisho wa kiangazi ndio wakati ndege wa miombo wanajenga viota. Miti huchipua majani mekundu kabla ya mvua, viwavi hufuata majani, na ndege hufuata viwavi. Moto wa wiki hizo huondoa chakula na kifaranga kwa pamoja.

Hasara ya mumbi ni kubwa zaidi, kwa kuwa hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa. Moto mkali huingia kwenye uwazi chini ya shina kuukuu, shina huuvuta kama dohani, na mti ulioota kwa miongo mingi huanguka. Utafiti wa Afrika Kusini umeonyesha kwamba kundi moja hukuza kinda mmoja hadi utu uzima kwa wastani wa takriban kila miaka 9. Ndege wa namna hiyo hawezi kufidia hasara ya msimu mmoja kwa msimu unaofuata. Chole wa miombo na hondohondo wadogo, ambao watazamaji ndege huja Katavi kuwatafuta, nao hutegemea mashimo ya miti.

Mbuga za Chada na kingo za Mto Katuma nazo huungua maji yakikauka, na matete huisha. Humo ndimo anamoishi kwera mmoja ambaye makazi yake hayavuki sana kusini-magharibi mwa Tanzania na jirani zake. Ndege mwenye eneo dogo hivyo akikosa matete hana kwingi pa kuhamia.

Moshi wenyewe ni suala la afya. Vumbi lake laini, chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, huzama hadi ndani kabisa ya mapafu ya binadamu, na mwenye pumu au mtoto mchanga hulisikia kwanza. Mapafu ya ndege hupitisha hewa upande mmoja tu, yakisaidiwa na vifuko vya hewa, na huchuja oksijeni nyingi kuliko yetu. Ufanisi huo huo unamfanya avute sumu nyingi kwa kila gramu ya mwili wake.

Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi humo humo, vijiji nane vinavyolinda misitu ya Ntakata vimeingiza mabilioni ya shilingi kutokana na biashara ya hewa ya ukaa. Msitu uliosimama umekuwa na bei, na moto wa ovyo umekuwa hasara ya kijiji kizima.

Wakazi wa Kibaoni, Usevya na Majimoto hawahitaji kusubiri mradi kama huo. Mwenye mabua ya kuchoma asingoje Septemba. Achome Juni, jioni umande ukiwa njiani, baada ya kufyeka ukanda wa kukinga moto na kuwaarifu majirani na ofisi ya kijiji. Mrina asali naye atumie bomba la moshi badala ya mwenge, na kama mwenge ndio alio nao, auzime kwa maji kabla ya kuondoka.