Je, Wajua? Bunge halina kasisi wa mshahara, kadhi anao

Wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanapoketi Bungeni Nairobi, dua ya kufungua kikao husomwa na Spika mwenyewe. Hakuna kasisi wala imamu aliyeajiriwa kuisoma. Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 inasema Kenya haina dini ya taifa. Marekani, makasisi wa Bunge hulipwa na serikali tangu 1789.

Kadhi, hata hivyo, hulipwa na Idara ya Mahakama. Huamua ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake.

Na kuwepo kwa mahakama za kadhi si hisani. Tarehe 5 Oktoba 1963, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kwa barua kuwa mahakama hizo zitabaki Pwani.