Nyumba Nayo Ina Haki



Kaskazi imeshika. Wakaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa waijua maana yake: kuta za mawe hunywa jua mchana kutwa, kisha usiku hulitoa polepole, hata baraza ya nje ikapendeza kuliko kitanda. Ndio msimu wa maembe, msimu wa harusi, na msimu wa likizo ndefu ya watoto. Na kwa kuwa yote matatu hukutana chini ya paa moja, ndio pia msimu ambao mama wa nyumba huchoka kuliko miezi yote ya mwaka, ilhali sote twauita wakati wa mapumziko.

Leo tungependa kuwasimulia wasomaji wetu habari za juma moja nyumbani kwetu, juma la mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Hatuzisimulii kwa kuwa zina ajabu. Twazisimulia kwa kuwa twadhani wengi watajiona humo, hususan sisi wanaume ambao watu hutuita masheikh na maustadhi, na ambao milango yetu hubishwa tangu alfajiri hadi usiku.

Juma hilo lilikuwa na nikaha tatu, khitma moja, darsa ya kila siku baina ya magharibi na isha, na ndugu wawili waliokuja mara nne kusuluhishwa juu ya kiwanja cha urithi. Ndani ya nyumba kulikuwa na jambo moja tu, nalo tulilijua zamani: binti yetu mkubwa alikuwa anakwenda sekondari ya bweni, huko bara, siku ya Jumatatu. Alikuwa hajapata kulala nje ya nyumba yetu isipokuwa kwa shangazi yake. Tangu likizo ilipoanza tulikuwa tumewaahidi watoto kwamba siku moja tutakwenda baharini, sote pamoja. Kila walipouliza ni lini, tulijibu inshaAllah.

Watoto lakini hawakukaa kitako kutungojea. Furaha zao walizitafuta wenyewe, pale pale nyumbani.

Jumamosi asubuhi mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, aliamka akasema maembe ya mwaka huu hayataoza mbele ya macho yake. Likaletwa kapu la ngowe mabichi, na binti yetu akaketishwa kando ya Bibi na kisu mkononi, wafanye achari. Bibi hana vipimo vilivyoandikwa. Chumvi huipima kwa kiganja, pilipili kwa jicho. Vipande visiwe vyembamba vikakauka mno, wala vinene vikaoza katikati. Vilipokwisha kutiwa chumvi vilitandazwa katika nyungo na kupandishwa juu ya paa vipigwe na jua siku tatu, kabla ya kuingia katika siki, thomu na bizari. Na siku hizo tatu binti yetu, ambaye mwezi mzima hatukuwa tumeuona uso wake ila ukimulikwa na simu, alikuwa akipanda na kushuka ngazi kwenda kugeuza maembe.

"Geuza kwa mkono, mjukuu wangu, usitumie kijiko," Bibi alimwambia. "Mkono ndio utakaokwambia limekauka au bado."

Kila mkaazi wa Mombasa ajua kwamba kitu kikianikwa juu ya paa, kunguru huwa wameshakialika karamu. Ulinzi wakapewa wavulana wetu wawili, nao wakaona kwamba mlinzi hawezi kulinda bila tiara. Njukuti zikachomolewa katika fagio la mama yao, uji mzito wa unga wa ngano ukawa gundi, na magazeti ya Baba, ambayo hatukuwa tumemaliza kuyasoma, yakakatwa. Mama yao alipolikuta fagio limekonda, alipandisha sauti kidogo. Wakamjibu kwamba tiara ile ni ya kuwafukuza kunguru, basi ni kazi, si mchezo.

Jumapili tukirudi kutoka nikaha tulisikia kelele huko juu, tukapanda tukawakemee. Tiara ilikuwa ikipiga mbizi kila inapoachiwa. Tuliitazama mara moja tu, tukajua: mkia ulikuwa mfupi. Hayo ni maarifa tuliyoyapata madrasani, lakini si kutoka kwa mwalimu. Tukavua joho, tukaomba kipande cha kitambaa, tukaufunga mkia, tukauelekeza uso wa tiara kwenye upepo. Ilipopaa juu ya mapaa ya mabati na minara ya misikiti, kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka saba, alitushika kanzu akatutazama kana kwamba ndiyo kwanza atambulishwe kwetu. Tulikaa juu ya paa robo saa. Katika juma zima hapakuwa na robo saa iliyotupendeza kuliko hiyo. Kisha mlango ukabishwa. Ndugu wale wa kiwanja walikuwa wamefika.

Jumanne usiku, tukitafuta kalamu, tulifungua mkebe wa biskuti uliokuwa kabatini. Hamkuwa na biskuti wala kalamu. Mlikuwa na uzi, sindano, na kofia ya vito iliyoshonwa nusu. Wanaoijua kazi hiyo wajua ugumu wake: kitambaa cheupe huchorwa nakshi kwa penseli, kisha kila kitobo huzungushiwa uzi mmoja mmoja, mamia ya vitobo, hata kofia moja ikachukua miezi mingi. Tulimuuliza mama watoto kofia ni ya nani.

"Yako," akasema. "Ilikuwa ya Idi."

"Idi ipi?"

"Si hii iliyopita. Ile ya kabla yake."

Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililotukera nafsini. Alitueleza kwamba hupenda kushona kuliko jambo jingine lolote, kwamba akishika sindano moyo wake hutulia, lakini wakati pekee aupatao ni usiku, kila mtu akishalala, na usiku huo macho nayo huwa yamechoka. Tumeoana naye miaka zaidi ya ishirini. Tulijua kwamba yuajua kushona. Kwamba kushona ndiyo starehe yake, tulikuwa hatujui, kwa sababu hatukuwahi kumuuliza.

Siku ya pili yake, Jumatano, tulikuwa tukivaa kwenda nikaha ya tatu. Kitinda mimba akaja mlangoni akauliza kama kesho tutakwenda baharini. Tukamjibu kama kawaida yetu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, kwa adabu kabisa:

"Baba, ni inshaAllah ya kweli, au ni ile yako?"

Ndugu zetu, sisi tumesomesha watoto Qur'ani zaidi ya miaka thelathini. Neno hilo tukufu, ambalo mja hulitamka kukiri kwamba hana uwezo ila kwa uwezo wa Mola wake, mwanetu alikuwa amelijua kuwa ni njia ya heshima ya kukataa. Na hakufundishwa hayo na mtu wa mtaani. Alifundishwa na baba yake, kwa vitendo, katika likizo moja.

Mama yake, aliyekuwa akipiga kanzu pasi, aliongeza bila kuinua macho: "Sheikh, wana wa watu umewaozesha watatu juma hili. Wa kwako wataka kwenda Mama Ngina tu."

Nikaha ile tuliisoma tukiwa na fikira nyingine. Tulikuwa tukiikumbuka habari ya Salman al-Farisi na Abu Dardaa, radhi za Allah ziwe juu yao, ambayo tumeisomesha mara nyingi. Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu wawili hao. Salman alipomzuru nduguye, alimkuta amejitolea kufunga mchana na kusimama usiku. Akamlazimisha afungue ale naye, akamzuia asiamke mapema mno, na mwisho wa usiku wakasali pamoja. Kisha akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman.

Miaka yote hiyo tumeisomesha habari hii kama somo la kutopita kiasi katika ibada. Usiku ule tulikumbuka inavyoanza. Haianzi na swaumu wala swala. Inaanza na mwanamke. Salman aliingia akamwona mke wa nduguye, Ummu Dardaa, amevaa nguo duni, hajijali, akamuuliza ana nini. Naye akajibu kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Mgeni aliingia siku moja akaliona lile ambalo mwenye nyumba alikuwa haliangalii. Na yule alikuwa ameshughulika na Mola wake; sisi tulikuwa tumeshughulika na viwanja vya watu.

Alhamisi tulimwomba mwanafunzi wetu wa siku nyingi atushikie darsa. Ndugu wawili tuliwaambia warudi Jumamosi, kiwanja hakikukimbia. Baada ya alasiri tukawakusanya watoto na Bibi, tukamwambia mama watoto avae buibui twende. Akatabasamu, akasema:

"Nendeni nyinyi. Mimi niachieni nyumba."

Tulistaajabu, hata tukadhani amekasirika. Hakuwa amekasirika. Kwa mwezi mzima hakuwahi kukaa ndani ya nyumba yake bila mtu kumwita jina. Sisi tulidhani twamletea zawadi ya bahari, kumbe zawadi aliyoitaka ni ukimya, na alikuwa akijua vyema atakalolifanya kwa ukimya huo.

Basi tukaenda bila yeye. Mama Ngina jioni za kaskazi hujaa watu: familia zimetandika mikeka, mihogo inachomwa na kupakwa pilipili na ndimu, viazi karai vinatoka mafutani, madafu yanakatwa. Wavulana walihesabu meli zinazoingia Kilindini wakabishana ipi kubwa. Bibi alikula mhogo kwa taratibu, upepo ukimpepea ushungi. Binti yetu alikaa kando yetu. Kwa muda hakusema kitu. Kisha, akiitazama bahari na si sisi, akauliza kama huko aendako atapata mahali pa kuswali. Akauliza na itakuwaje akiamka usiku asijue mlango u wapi. Akauliza kama ni dhambi kuogopa.

Tulikuwa na majibu mengi ya kimsomo. Tukayaweka. Tulimwambia kwamba si dhambi, na kwamba sisi tulipopelekwa kusoma Lamu tukiwa wadogo tulilia usiku wa kwanza hata mto ukalowa. Alicheka. "Baba, wewe ulilia?" Alikuwa hajui. Tukayasema mengi jioni ile ambayo hayakuwa yamesemwa kwa miaka, na sote tukaswali magharibi juu ya mkeka, pale pale kwenye majani.

Tulirudi baada ya isha. Nyumba ilikuwa inanukia udi. Mama watoto alikuwa ameketi karibu na dirisha, ametia asumini katika nywele, kikombe cha chai tupu kando yake, na kofia ya vito pajani. Alikuwa ameshona safu mbili. Hatujamwona na uso wa raha namna ile tangu kabla ya Ramadhani.

Tuna nasaha chache kwa wasomaji wetu, na tunaanza kuzielekeza kwetu wenyewe. Ukimwambia mtoto inshaAllah, nia na itangulie, na siku itajwe; ukishindwa, mweleze udhuru kama unavyomweleza mtu mzima. Usimkisie mkeo starehe yake. Muulize, kisha umpe wakati wa kuistarehekea, na wakati huo usiwe ule uliobaki baada ya kila mtu kulala. Nanyi mama zetu, msione haya kusema mnalolipenda. Mwenye kushona, kusuka ukili au kulea mche wake wa asumini hapotezi wakati, maadamu ni katika halali na haikumpita swala. Mtume (s.a.w.) alikuwa kiongozi wa umma mzima, na bado alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), akamuuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za ndege wake, na akiwa nyumbani akiwahudumia ahli zake. Nani kati yetu ana shughuli kumshinda?

Binti yetu aliondoka Jumatatu. Shule haikubali chakula kutoka nyumbani, kwa hivyo chupa yake ya achari imebaki. Bibi ameifunga kitambaa mdomoni, ameiweka juu ya kabati, na ametangaza kwamba haifunguliwi hadi mwenyewe arudi likizo fupi. Kofia bado haijakwisha. Alasiri ya Alhamisi sasa ni ya mwenye kuishona, na sisi huwachukua watoto tukatoka nao. Juma lililopita mlango ulibishwa wakati huo, na kitinda mimba ndiye aliyewajibu wageni kwamba Baba hayupo, ana ahadi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wanetu walio karibu na walio mbali, azitie nyumba zetu utulivu na mapenzi, na atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake kabla hatujaulizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.