Unaongeza chumba cha mradi nyumbani? Panga umeme kabla ya kununua bati



Huku Mwika kihamba ni kidogo na migomba imejaa. Kijana akitaka kuanza mradi, mara nyingi anaegemeza chumba kwenye ukuta wa nyumba: cha vifaranga, au cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hesabu ya tofali, saruji na bati anapiga mpaka misumari. Umeme? "Tutavuta tu kutoka jikoni."

Julai moja, baridi kali, niliitwa kwa kijana aliyevuta hivyohivyo. Vifaranga 300, taa za joto 4, waya mwembamba umeungwa juu ya dari kwa selotepu. Usiku kiungo kikaungua, taa zikazimika, watu wamelala. Asubuhi vifaranga wamelundikana kona moja, zaidi ya nusu wamekufa. Nilipochungulia darini nikakuta ubao umekuwa mweusi. Chini ya ubao ule wanalala wadogo zake wawili. Vifaranga unanunua wengine.

Akaniuliza, "Sasa mbona breka haikukata?"

Swali zuri. Breka hukata pale umeme unapozidi kiwango chake. Taa zake 4 za wati 250 ni wati 1,000. Gawa kwa volti 230, unapata kama ampea 4.3. Breka ya soketi za jikoni ilikuwa ya ampea 20. Yenyewe iliona mambo safi, huku kiungo kilicholegea kinachemka. Breka kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo lazima viendane. Ukiweka waya mwembamba nyuma ya breka kubwa, waya unaungua kwanza.

Basi fanya hivi kabla ya kujenga:

1. Andika kila kitakachotumia umeme. Mfano: taa za joto wati 1,000, taa za kawaida 40, mota ya mashine ya majani yenye nguvu farasi 3 kama wati 2,200. Jumla 3,240. Kumbuka mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake, kwa muda mfupi. Andika pia unachotarajia kuongeza baadaye.

2. Chumba kipya kiwe na laini zake kutoka kwenye kisanduku cha breka, sio kutoka soketi ya jirani. Taa za joto laini yake, mota laini yake. Mota ikiangusha breka, vifaranga wabaki na joto.

3. Unene wa waya. Kwa kawaida taa hutumia milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5. Mota, au banda lililo mbali, fundi apige hesabu. Mara nyingi ni 4 au zaidi. Waya wote upite ndani ya paipu, maana panya wa mabandani hawana huruma.

4. Ethi na RCD. RCD ni kifaa kinachokata haraka umeme ukivuja. Kwa kumlinda mtu chukua ya miliampea 30. Bandani kuna maji, mkojo na vyuma. Ng'ombe anasimama miguu minne kwenye sakafu mbichi, umeme unampata vibaya kuliko wewe uliyevaa buti. Akianza kukataa kunywa kwenye beseni la chuma, zima umeme, muite fundi.

5. Soketi na swichi ziwe juu, mbali na maji ya kuoshea, zenye mfuniko. Taa ya joto ining'inie kwa mnyororo, isining'inie kwa waya wake, na iwe mbali na maranda.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mzigo ukiwa mkubwa, nenda TANESCO kwanza uulize kama laini yako inatosha. Mita ni ya kwao, ila nyaya za ndani ni jukumu lako.

Mwisho, umeme unakatika. Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kwa hiyo chungu cha mkaa kiwe tayari, na hewa iwe inapita.

Chukua daftari leo, chora chumba chako, andika wati. Ukimwita fundi, mpe hiyo karatasi. Ukishaezeka, kurekebisha ni kubomoa.

Tukutane shambani.